Sinema Yenye Mikono

Shemeji yangu yumo kwenye sinema ya Disney. Ni ile Queen of Katwe ya mwaka 2016, habari ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyeng'ara kwenye sataranji. Mira Nair aliipiga Katwe kwenyewe, Lupita Nyong'o akiwa mama wa binti. Ukiisimamisha mahali fulani pa sokoni, nyuma ya mama mwenye beseni, utaona bega la kushoto la mwanamume mwenye shati la bluu. Bega hilo ni la shemeji. Tumeonyeshwa sote, na wageni huonyeshwa kabla chai haijafika. Mke wangu hunong'ona kwamba sehemu nyingine za sinema ile zilipigwa Afrika Kusini, na kwamba soko lile lina kila dalili ya Johannesburg, lakini neno hilo halitamkwi mbele ya kaka yake. Bega ndilo lililompa cheo. Nyumbani kwetu yeye ndiye mkuu wa mambo yote ya sinema, kwa hiyo Desemba shule zilipofungwa na watoto wakaanza kuimba kwamba wanataka kupelekwa kwenye bustani ya michezo yenye "vitu vyote vya filamu", hakuna aliyeuliza nani ataongoza msafara.

Halafu shemeji ni VJ. Hana kipaza sauti wala kibanda, lakini kazi anaifanya. Msomaji wa Dar es Salaam anayemkumbuka Lufufu, au wa Kenya aliyekulia kwa DJ Afro, ataelewa haraka. VJ ni yule bwana anayekaa pembeni ya televisheni kwenye kibanda cha video, anapunguza sauti ya Arnold Schwarzenegger, anaongea yeye kwa Kiganda. Anapoelewa anatafsiri, asipoelewa anatunga. Jambazi la Los Angeles linapewa jina la mdeni fulani wa Kisenyi, gari la polisi linakwama kwenye jemu ya Kibuye, mama wa mhusika mkuu analazwa Mulago. VJ Jingo na VJ Junior wana wapenzi wanaokwenda kuwasikiliza wao, aliyecheza kwenye picha akiwa ni nyongeza tu. Tofauti ya shemeji na hao ni kwamba yeye hahitaji televisheni. Ukimwaga chai mezani, utasikia nyuma yako: "Banange! Mutanzania amelipua bwawa! Kijiji kizima kinahama!"

Mutanzania ni mimi.

Mke wangu akasema mama yake naye aje, kwa kuwa hajatoka nje ya Ndeeba tangu Pasaka isipokuwa kwenda kanisani. Nikasema sawa, kisha nikakaa chini kupiga hesabu. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi pamoja, hawabanani mlangoni. Atakayevunja mwiko hushikwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka: huanza mikono, kichwa kinafuata, na chai haifiki mdomoni tena. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mama mkwe unamwamkia, unamletea zawadi, na siku akipenda anakupakulia pilau kwa mkono wake. Nilipoambiwa masharti ya huku niliyakubali mara moja, maana kutomgusa mama mkwe ni jambo ambalo mwanamume wa kawaida anaweza kulitimiza maisha yake yote bila mazoezi. Sikuwa nimefikiria teksi, bembea, wala viti vya sinema.

Niseme pia kwamba mama mkwe ameokoka, ila obuko haukuokoka naye. Anasali kanisa la Watoto, katika jengo ambalo zamani lilikuwa sinema ya Norman. Kanisa lenyewe lilianza mwaka 1984. Ujanani mwake alikuwa akienda Norman kutazama picha za Kihindi, na mpaka leo taa za kanisani zikipunguzwa hunyoosha miguu na kutafuta karanga mkobani.

Kiswahili anakijua, ila alikipatia kwenye vizuizi vya barabarani. Jeshi la Tanzania liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na siku ya kwanza aliponiona, miaka mingi baadaye, swali lake pekee lilikuwa kama baba yangu alikuja na mizinga. Baada ya hapo zikaja zile kamatakamata za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilizoitwa panda gari, ambapo askari walizunguka mtaa na kupakia watu kwenye malori. Msamiati wake wote umetoka huko. Anaweza kusema simama, kaa chini, fungua buti, toa kitambulisho, na panda gari, kwa lafudhi safi kabisa. Hawezi kusema "naomba chumvi". Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na watu wakaandika makala. Kwa mama mkwe kilikuwa rasmi zamani, tena kikiwa na bunduki.

"Panda gari!" jjajja, yaani bibi, akawaamuru wajukuu asubuhi ile, na wajukuu, ambao kwao ni mchezo tu, wakapanda wakicheka. Wapita njia wawili wa umri wake waligeuka kwa kasi.

Tulikodi teksi nzima, ile hiace ya watu 14. Shemeji alipanga viti. Mama mbele na dereva. Mke wangu, wifi yake na watoto katikati. Mimi kiti cha mwisho kabisa, peke yangu na tikiti maji, gurudumu la akiba na spika ya kanda ya injili. Swali gumu lilikuwa gomesi. Gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Kiganda, ina mabega yaliyochongoka, na yale ya mama mkwe yanaongeza karibu inchi nne kila upande. Je, nguo ikinigusa, amenigusa yeye? Shemeji alisema bega ni eneo lake la utaalamu, na kwa maoni yake mabega ya gomesi ni mali ya fundi aliyeyashona. Sikutaka kuijaribu sheria hiyo. Jemu ya barabara ya Entebbe ilianzia Kibuye, ikapumzika kidogo Najjanankumbi, ikaanza upya Zana, nasi tukasogea ndani yake huku shemeji akiisemea: "Majeshi yamezingira Zana! Kamanda Jjajja anaamuru mashambulizi! Kule nyuma kabisa, mateka kutoka Tanga amefungwa pamoja na tikiti!"

Lango la bustani lina sanamu ya King Kong ya faibaglasi, ndefu kuliko nguzo ya umeme, na aliyeichora usoni alikuwa na mtu fulani akilini. Wifi alisema ni mjomba wao wa Mityana. Wote wakakubali, na picha ya kwanza ya siku ikapigwa na ujumbe kwenda Mityana.

Chini ya King Kong kulikuwa na askari mlinzi mwenye kile kifimbo cha kugundua chuma na bango: CHAKULA CHA NJE HAKIRUHUSIWI. Hapa ndipo nilipojua kwa nini mkoba wa mama mkwe ulibebwa na watu wawili. Humo mlikuwa na sufuria ya matooke iliyofungwa kwa majani ya migomba, luwombo ya kuku na luwombo ya karanga, ule mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba, na kopo la Blue Band lililojaa nsenene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa kwa kitunguu. Kifimbo kilipita juu ya sufuria kikapiga kelele.

Mimi kwa sheria kama hizo huwa nakumbuka habari za Carl Laemmle. Mwaka 1915, alipofungua studio zake za Universal huko California, aliruhusu watu waingie kutazama sinema zikipigwa kwa senti 25, na ndani ya senti hizo alikupa boksi la chakula lenye kuku. Bustani za sinema zilianza hivyo, kwa kukupa kuku, na leo zinakunyang'anya. Nilikuwa nimeanza kumweleza mlinzi historia hii kwa upole wakati mama mkwe alipopiga hatua moja mbele na kusema yote aliyokuwa nayo:

"Simama! Toa kitambulisho!"

Kijana wa watu, mwenye miaka labda ishirini na miwili, ambaye vizuizi vile alivisikia kwa wazazi tu, alisimama wima. Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitambulisho. Mama mkwe akakitazama mbele na nyuma, akamrudishia, akapita na sufuria yake. Sisi tulimfuata bila kuangalia pembeni. Shemeji alisubiri tufike mbali ndipo akaanza kusema, tena kwa sauti ya chini, kwa heshima.

Ndani kulikuwa na pua ya Titanic, ya saruji, imetazama bwawa lenye bata, na ngazi ya kupandia ili wapenzi wapigwe picha wamenyoosha mikono. Kulikuwa na madinosaria wanaotikisa shingo kwa mota ya mashine ya kusaga, au ndivyo ilivyosikika. Mke wangu alitaka picha ya Titanic. Tukapanda, nikamshika kiuno, na mpiga picha, kijana mkarimu kupita kiasi, akapaza sauti: "Na mama naye aingie! Mama, simama hapo nyuma ya baba, umshike mabega!" Kimya kikatanda. Bata wenyewe walinyamaza. Mama mkwe alikuwa ameshageuka, anaikagua bembea moja kwa makini ya mhandisi. Nilimlipa kijana picha ambayo hakuipiga.

Gurudumu kubwa nitalipita haraka, maana na lenyewe lilitupita haraka kisha likasimama. Umeme ulikatika nikiwa juu na binti yangu wa pili, na mtambo wa dharura ulihitaji dizeli, na dizeli ilihitaji mtu wa boda. Tuliiona Kampala vizuri sana.

Maji ya chooni nayo yalikuwa yamekatika, lakini hilo sikulilalamikia. Disneyland yenyewe ilipofunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955, walifika karibu watu 28,000, wengi wao kwa tiketi za kughushi. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, hivyo mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha siku ya joto kali, na lami ilikuwa mbichi kiasi kwamba viatu vya kisigino vya kina mama vilizama. Walt Disney alikuwa na mamilioni ya dola na televisheni ya taifa zima ikimtazama. Sisi tulikuwa na sufuria.

Tuliifungua chini ya mti, mbali na mlinzi, na hapo ndipo Spider-Man alipotujia. Nguo yake ilikuwa ya kitambaa kizito cha kuvutika, imepasuka gotini, na miguuni alivaa lugabire, zile ndara za tairi. Kazi yake ni kupiga picha na watoto kwa shilingi 2,000, na ilikuwa saa nane mchana. Alisimama pale bila kuomba chochote, kichwa kimeelekea luwombo. Mama mkwe akamwambia kwa Kiganda akae ale, kwani mama yake angesemaje. Spider-Man akachuchumaa. Akapandisha kinyago mpaka puani, akafungua kifundo cha jani taratibu kwa vidole vilivyofunikwa na utando mwekundu, akajipinda juu ya mchuzi wa karanga, na mvuke ukayajaza macho yake meupe ukungu mpaka ikabidi apapase matooke kwa kugusa. Watoto walikuwa wametulia kabisa. Nilifikiri imani yao imekufa. Kitinda mimba akasogea, akamuuliza kwa upole kama kule kwao New York wanapata matooke.

"Ya huko hayaivi," Spider-Man akasema, mdomo umejaa.

Baadaye alituambia siku nyingine huendesha boda, na kwamba kofia ya boda ina hewa zaidi. Aliondoka na paja la kuku ndani ya jani, akilificha kwapani, akarukia ukuta mdogo ili kutufurahisha. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani bora kuliko zote nilizolipia, na sikuilipia.

Sasa sinema ya 4D.

Kwa asiyeijua: ni chumba cheusi chenye viti vinne vinne juu ya jukwaa la chuma. Chini ya jukwaa kuna mitungi ya hewa inayoliinua na kuliangusha kufuatana na picha, na nyuma kuna kompresa inayoguruma. Mbele ya uso wako kuna kitundu kinachorusha maji, pembeni kuna feni ya upepo, na chini ya kiti kuna vipande vya mpira vinavyokupiga vigimbi vya miguu ili ujue nyoka amepita. Unavaa miwani. Tiketi ina namba ya kiti. Tuliisoma foleni nzima, tukabadilishana tiketi kwa ustadi wa madalali wa soko la Owino, hadi tukapata mpango: mama mkwe kiti cha kwanza, kitinda mimba cha pili, mke wangu cha tatu, mimi cha nne. Watu wawili katikati. Hata ssenga, shangazi yao mwenye neno la mwisho katika mila zote za ukoo, angeupitisha.

Tukaketi. Taa zikapungua. Mama mkwe, kwa mazoea ya Norman, akanyoosha miguu na kufungua kopo la nsenene. Zamani mwanamke wa Kiganda hakuruhusiwa kula nsenene. Aliwakusanya, akawakaanga, akampa mume. Mama mkwe amezikwa na mila nyingi lakini hiyo aliifufukia mapema, na tangu hapo anafidia miaka iliyopotea. Wakati huo huo dinosaria wa kwanza akanguruma kwenye spika, na kitinda mimba akapiga yowe, akaruka, akakimbilia mlangoni. Mama yake akamfuata. Mhudumu mwenye tochi akaona viti viwili vitupu katikati ya safu. Ana sheria yake: viti visiachwe na pengo, jukwaa litaegemea upande. "Ssebo, sogea. Sogea tena. Haya, funga mkanda."

Nilifunga mkanda. Kushoto kwangu, umbali wa bega moja la gomesi, kulikuwa na harufu ya kitunguu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, haina maandishi chini, na watu walikuwa kimya. Hilo lilimuuma shemeji, aliyekuwa safu ya nyuma. Ukweli ni kwamba hata Marekani watazamaji hawakuwa kimya tangu mwanzo. Wale wa Laemmle, wenye boksi la kuku, walikaa kwenye jukwaa wakimshangilia shujaa na kumzomea mwovu huku kamera inazunguka, na haikudhuru kitu, kwa sababu sinema zilikuwa bubu. Sinema zilipoanza kusema, watazamaji wakafukuzwa, kelele zao zikawa uharibifu. Nchi nyingi zilitii. Kampala iliweka VJ. Ndiyo maana bustani hizi mpya zenye vioo na jukwaa la chuma huwa zinanitia mashaka: zimeleta kila kitu cha sinema isipokuwa mtu wa kuongea juu yake. Shemeji alivumilia dakika moja.

"Huyu," akaanza, "ni mwenye nyumba. Amekuja kudai kodi ya Novemba."

Chumba kizima kikacheka kwa pamoja. Dinosaria akang'oa mti. "Amekataa kulipwa kwa simu! Anataka taslimu!" Mhudumu akamulika tochi: "Ssebo, tafadhali, ukimya." Watu wakamzomea mhudumu. Kuanzia hapo ile sinema ilikuwa yetu. Kila dinosaria alipata jina, ukoo na deni. Jukwaa likaanza kupanda na kushuka, maji yakaturukia usoni ("mwenye nyumba ana mafua!"), upepo ukavuma, na kwenye anguko kubwa la mwisho, pale gari la watafiti linapotumbukia korongoni, kopo la Blue Band likaruka.

Nsenene walitawanyika gizani juu ya safu tatu. Nikasikia mwanamke mbele yetu akipiga ukelele, kisha mwingine, kisha mwanamume akisema kwa mshangao wa kweli, "Mpaka wadudu! Unawahisi kabisa!" Mtu wa karibu naye akasema, "Na wana chumvi."

Na katikati ya hayo yote, jukwaa likiwa limeinama, mkono ulinishika. Ulinishika juu ya kiwiko, kwa vidole vyote, kwa nguvu ya mtu aliyewahi kukamua ng'ombe. Ukakaa hapo mpaka gari lilipofika chini ya korongo. Kisha ukaniachia.

Taa zikawaka. Mama mkwe alikuwa akitazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kwenye mkono wa shati langu jeupe kulikuwa na alama nne za mafuta, zimepangana kutoka kubwa hadi ndogo, na bawa moja la nsenene. Shemeji alisimama nyuma yetu, akaona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Mke wangu akarudi mlangoni na mtoto mkononi, naye akaona. Kitinda mimba akanyoosha kidole: "Jjajja ame..." Mama yake akamjaza bisi mdomoni.

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Alijifunga upya mshipi wa gomesi, akasema kwa Kiganda, akiiambia hewa:

"Mashine za siku hizi zina hadi mikono."

"Ndiyo, mama," mke wangu akadakia. Yeye alikuwa nje muda wote. "Hata mimi imenishika."

"Mimi mara mbili," shemeji akasema.

"Na mimi!" akasema yule mwanamke wa mbele, mgeni kabisa kwetu, akitoa nsenene kwenye nywele zake. "Tena wa kwangu ulikuwa wa baridi." Mwanamume mwingine akasema wake ulikuwa na pete. Mhudumu alijaribu kueleza kwamba mtambo wao una hewa, maji na mpira tu, kwamba hauna kifaa chochote cha aina hiyo. Shemeji akamshika bega, akampeleka pembeni, akamshukuru kwa muda mrefu sana.

Nje tulikaa tunywe soda. Ukishuka kwenye jukwaa lile, miguu na mikono hutetemeka kidogo, ni mwili tu unatafuta usawa. Nilijua hivyo. Hata hivyo nilipoinua chupa ya Mirinda, familia nzima iliacha kuongea na kuitazama chupa. Iligonga meno. Wifi akajishika mdomo. Nikajaribu mkono wa kulia, ikagonga tena. Mama mkwe, nilimwona kwa pembe ya jicho, alikuwa ameificha chupa yake nyuma ya mkoba, hainywi.

Mke wangu akampigia ssenga simu. Alimweleza yote, kwa marefu, akizunguka. Ssenga aliuliza jambo moja tu, kama taa zilikuwa zimezimwa. Zilikuwa zimezimwa. "Basi hiyo ni sinema," akasema, akauliza kama tumembakizia luwombo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya furaha mno, kama watu waliofutiwa kesi. Mama mkwe mbele, mimi nyuma na spika. Tikiti lilikuwa limeliwa. Watoto walijadili dinosaria yupi alikuwa na deni kubwa. Ilikuwa jemu tena, na tulipokaribia njia ya kwenda Nateete shemeji akaanza kuwahubiria habari za mtaa wa Wakaliga. Aliwaambia hela tulizomwaga siku ile zingetosha kwenda kule kwa Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, ambaye mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, sinema ya mapigano yenye helikopta na mji mzima kuteketea, kwa pesa ambazo mara nyingi hutajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta aliziunga mwenyewe. Silaha alitengeneza Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mtu akaugua, ikawa rangi ya chakula ndani ya kondomu inayopasuliwa kifuani kwa uzi. Na juu ya yote VJ Emmie anapiga kelele, kwa sababu kule sinema na VJ huuzwa pamoja. Kampuni inaitwa Ramon, jina lililoungwa kutokana na majina ya bibi zake wawili Nabwana.

Hapo mama mkwe akageuza kichwa kidogo. "Bibi zake?"

"Bibi zake, mama. Na watu hutoka Ulaya na Marekani kwenda pale kuuawa. Unafika, unapewa damu, unapigwa risasi, unakufa vizuri, wanakuweka kwenye sinema, unarudi kwenu."

Teksi ilisogea mita chache. Mama mkwe alikuwa anafikiri; mabega ya gomesi yalipanda na kushuka.

"Na kuua?" akauliza. "Mtu kama mimi anaweza kupewa bunduki?"

"Bila shaka."

"Unamchagua wa kumpiga, au wanakupa wao?"

Shemeji akanitazama kwenye kioo cha dereva. Mke wangu naye. Watoto wote wakageuka kwenye viti vyao.

"Kwa maana risasi," mama mkwe akaendelea, akiielekeza hoja yake kwenye kioo cha mbele, "haimgusi mtu kwa mkono."

Hakuna aliyepinga. Simu ikapigwa tena kwa ssenga, safari hii kwa sauti ya wazi ili sote tusikie. Alitafuna kitu kwa muda, akasema haoni tatizo lolote la kimila, mradi Mutanzania akishapigwa aangukie upande mwingine.